Ubora wa wavu kwenye kiolesura cha maeneo: mwongozo kamili kwa wanaoiga mtiririko katika mashine zinazozunguka

Anayejenga wavu wa kuiga mtiririko wa giligili kwa kompyuta, yaani mgawanyo wa nafasi ya mtiririko kuwa seli ndogondogo, huzoea kuukagua kwa vipimo vya seli moja moja: pembe ya mkengeuko, urefu wa seli ukilinganishwa na upana wake, na kadhalika. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini havitoshi kwenye kiolesura, yaani mahali ambapo eneo linalozunguka linakutana na eneo lililosimama. Ubora wa kiolesura unategemea namna nyuso za pande mbili zinavyofunikana, na kufunikana huko hubadilika kila eneo moja linapogeuka. Wavu unaweza kupita ukaguzi wote ukiwa umesimama, kisha ukaanza kuvujisha tungamo na kuzua kanieneo lisilokuwepo baada ya digrii mbili au tatu tu za mzunguko. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili kiolesura kikaguliwe kikiwa kinatembea, kabla ya saa nyingi za kompyuta kutumika.

Mfano nitakaoutumia ni pampu ya sentrifugali ya ERCOFTAC, jumuiya ya Ulaya ya utafiti wa mtiririko, msukosuko na mwako. Vipimo vyake vya maabara vilifanywa Genova, Italia, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Tangu hapo kifaa hicho kimekuwa kipimo cha kawaida cha programu za kuiga mashine za mzunguko. Impela, yaani gurudumu linalozunguka na kusukuma giligili, ina mabapa 7 na kipenyo cha nje cha milimita 420. Difyuza, yaani sehemu iliyosimama inayoizunguka impela na kupokea mtiririko wake, ina mapezi 12 yasiyozunguka, yanayoanza kwenye kipenyo cha milimita 444. Upana wa njia ya mtiririko, kutoka ukuta hadi ukuta, ni milimita 40.4, na mwanya kati ya ncha za mabapa na kifuniko ni milimita 0.4. Impela huzunguka mara 2000 kwa dakika, na ingawa inaitwa pampu, giligili iliyotumika ni hewa. Kati ya impela na difyuza kuna nafasi ya milimita 12 tu, na humo ndimo kiolesura kinapotakiwa kukaa.

Amri nitakazozitaja ni za OpenFOAM, programu huria ya kuiga mtiririko, matoleo ya ESI, yanayotumia kiolesura kiitwacho AMI. Anayetumia tawi la OpenFOAM Foundation ajue kwamba kuanzia toleo la 10 la mwaka 2022 tawi hilo limehamia kwenye njia tofauti ya kuunganisha nyuso, hivyo majina ya amri hayatalingana. Kanuni za kijiometri ni zilezile, na ni zilezile pia kwa mwenye programu nyingine kama Fluent au CFX.

Hatua ya 1: Amua aina ya kiolesura kabla ya kugusa wavu

Zipo njia tatu zinazotumika sana. Katika rota iliyogandishwa wavu hauzunguki, ila milinganyo ya eneo la impela huandikwa kwa fremu inayozunguka. Katika uso wa kuchanganya, mtiririko hufanyiwa wastani kuzunguka duara zima kabla ya kupitishwa upande wa pili. Katika wavu unaoteleza, eneo la impela huzunguka kwelikweli, hatua kwa hatua, na nyuso za pande mbili hupitana.

Uchaguzi huu ndio unaoamua ni kitu gani ukihangaikie. Kwa rota iliyogandishwa, njia bora ni kutokuwa na nyuso mbili kabisa: jenga wavu mmoja ambao seli zake zinaungana nodi kwa nodi kwenye mpaka, na tatizo la intapolesheni, yaani kukadiria thamani za upande mmoja kutokana na za upande wa pili, linakwisha lenyewe. Kwa uso wa kuchanganya, tofauti za seli kuzunguka duara hazina uzito mkubwa, lakini mgawanyo wa seli kutoka ukuta hadi ukuta lazima ulingane vizuri, kwa maana huo ndio mwelekeo pekee ambao wasifu wa mtiririko unabaki. Wavu unaoteleza ndio unaodai mengi zaidi, na hatua zote zinazofuata zimeandikwa kwa ajili yake. Ukiumudu huo, zile mbili nyingine hazitakusumbua.

Hatua ya 2: Weka kiolesura katikati ya nafasi iliyopo

Katika mfano wetu nusukipenyo cha impela ni milimita 210 na mapezi yanaanza kwenye milimita 222. Kiolesura kiwekwe kwenye milimita 216, kikiwa na milimita 6 kila upande. Wanaoanza kazi hii mara nyingi hukibana kiolesura karibu na impela, wakiamini kwamba eneo linalozunguka likiwa dogo hesabu itakuwa nyepesi. Matokeo yake ni kwamba mkia wa mtiririko unaotoka kwenye ncha ya bapa, ambako kasi hubadilika sana ndani ya umbali mfupi, unalazimika kuvuka intapolesheni kabla haujapata seli hata mbili za kutulia.

Kiwango changu cha chini ni seli nne kati ya kiolesura na kitu chochote kigumu, kila upande. Kwa milimita 6 hiyo ina maana ya seli za milimita 1.5. Kwenye duara la nusukipenyo cha milimita 216, ambalo mzingo wake ni takriban milimita 1357, tutapata nyuso zipatazo 905 kuzunguka na 27 kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuso elfu ishirini na nne na ushei kwa kila upande ni mzigo ambao kompyuta ya kawaida ya ofisini inaubeba, ingawa si kwa haraka. Ikiwa mashine yako ina nafasi finyu kiasi kwamba seli nne haziingii, punguza ukubwa wa seli hapo badala ya kupunguza idadi.

Hatua ya 3: Hakikisha silinda ni silinda

Hili ndilo jambo linaloharibu kazi nyingi, na ripoti za kawaida za ubora hazilionyeshi. Uso wa kiolesura kwa nadharia ni mviringo, lakini faili la STL linalotoka kwenye programu ya uchoraji ni mkusanyiko wa vipande bapa. Wavu ukifuata vipande hivyo, unapata poligoni badala ya duara. Pande zote mbili zikiwa zimetokana na faili moja, mwanzoni poligoni mbili zinakaa moja juu ya nyingine bila kasoro. Impela ikigeuka kwa nusu ya kipande, pembe za poligoni moja zinakutana na katikati ya vipande vya nyingine, na hapo unatokea mwanya mahali fulani na mwingiliano mahali pengine.

Ukubwa wa kasoro hiyo unakokotolewa kwa urahisi. Ikiwa R ni nusukipenyo na θ ni pembe ya kipande kimoja, kina cha kasoro ni R × (1 − cos(θ/2)). Kwa R ya milimita 216:

- vipande 30 kuzunguka duara (digrii 12 kila kimoja): milimita 1.18;
- vipande 72 (digrii 5): milimita 0.21;
- vipande 360 (digrii 1): milimita 0.008.

Seli zetu zina unene wa milimita 1.5. Kwa vipande 30, kasoro inakaribia seli nzima, na hakuna njia ya intapolesheni itakayolitibu hilo. Kwa vipande 72, kasoro ni sehemu ya saba ya seli. Hesabu itakwenda bila kusimama, na hiyo ndiyo hatari yake. Mpangilio wa vipande unajirudia mara 72 kwa kila mzunguko, na kwa mizunguko 2000 kwa dakika hiyo ni sawa na mawimbi ya Hz 2400 kwenye kanieneo. Sasa, mapezi 12 yakipitwa na impela hutoa Hz 400 kwa mtazamaji aliyekaa kwenye bapa, na 2400 ni mara sita kamili ya 400. Mchambuzi ataiona alama hiyo kwenye grafu ya masafa na kuiandika kama tabia halisi ya pampu.

Basi, unapotoa STL, weka kiwango cha pembe kwenye digrii 1 au chini yake kwa uso wa kiolesura, hata kama sehemu nyingine za mashine zinabaki na kiwango kikubwa zaidi. Anayejenga wavu kwa blockMesh, zana ya OpenFOAM ya wavu wa vitalu, atumie kingo za tao, ili nodi zikae kwenye duara lenyewe.

Hatua ya 4: Linganisha seli za pande mbili katika mielekeo yote mitatu

Wengi hulinganisha ukubwa wa nyuso tu, yaani urefu wa kuzunguka duara na urefu wa kutoka ukuta hadi ukuta, wakasahau unene wa seli kwenda ndani na nje. Unene huo ndio unaoamua vitovu vya seli mbili zinazotazamana vinakaa wapi kutoka kwenye uso, na mteremko wa kanieneo unakokotolewa kati ya vitovu hivyo. Seli ya milimita 0.5 ikitazamana na ya milimita 3, uso uko karibu sana na kitovu kimoja na mbali na kingine, na usahihi wa daraja la pili unapotea hapo hata kama seli zenyewe ni mchemraba safi.

Uwiano wa ukubwa kati ya pande mbili ukae karibu na 1. Mimi hukubali hadi 1.5 bila wasiwasi, na 2 pale tu ninapojua kwamba mtiririko wa eneo hilo ni mtulivu. Usiweke mabadiliko ya ngazi ya usagaji (kupunguza ukubwa wa seli), ambayo katika snappyHexMesh, zana nyingine ya OpenFOAM ya kujenga wavu, hugawa kila seli nusu kwa nusu, kwenye mstari wa kiolesura. Yasogeze angalau seli tatu mbali nacho.

Hatua ya 5: Kagua pembe ambako kiolesura kinakutana na kuta

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kwenye kuta mbili za pampu kuna matabaka membamba ya seli yaliyowekwa ili kunasa tabaka mpaka, yaani giligili iliyo karibu na ukuta inayopunguzwa kasi nao. Tuseme upande wa impela una matabaka 10, la kwanza likiwa na unene wa milimita 0.05 na kila linalofuata likiongezeka mara 1.2. Jumla ya unene wake ni milimita 1.3. Ikiwa upande wa difyuza matabaka yameporomoka, jambo ambalo snappyHexMesh hulifanya mara kwa mara karibu na pembe, nyuso kumi nyembamba zinazungumza na uso mmoja wa milimita 1.5. Kasi inayoanzia sifuri ukutani na kupanda ndani ya milimita 1.3 inageuzwa kuwa thamani moja ya wastani. Mtiririko unaingia kwenye difyuza ukiwa umepoteza tabaka mpaka lake, na hesabu ya mahali utakapoachana na ukuta kwenye mapezi inakuwa ya kubahatisha.

Katika mfano wetu kuna ugumu zaidi upande wa kifuniko, ambako mwanya wa milimita 0.4 juu ya mabapa unahitaji seli zake kadhaa. Ikiwa wavu wa impela ni wa vitalu, seli hizo nyembamba zinaendelea hadi kwenye kiolesura, na difyuza lazima izipokee kwa mgawanyo unaofanana kwa angalau seli chache za mwanzo kabla ya kuanza kupanuka. Wapo wanaouacha mwanya huo na kuiga kwa mielekeo miwili tu (2D). Kwa kujifunza kiolesura hilo linafaa kabisa, na ningemshauri anayeanza aanzie hapo.

Jambo la pili kwenye pembe hizi ni ukali wa ukingo. Mstari wa duara ambapo silinda inakutana na ukuta usipoorodheshwa kama ukingo maalumu, programu huuzungusha, na nyuso za mwisho za upande mmoja zinaishia kabla ya zile za upande mwingine. Toa kingo hizo kwa surfaceFeatureExtract, ziingize kwenye orodha ya kingo za snappyHexMesh, na uwashe multiRegionFeatureSnap. Baada ya wavu kukamilika, fungua ParaView, programu ya kutazama nyavu na matokeo, kata wavu kwa uso bapa unaopita kwenye mhimili, na uitazame pembe hiyo kwa macho yako.

Hatua ya 6: Jenga maeneo mawili

Ukiweza, jenga kila eneo kama wavu wake kamili, kisha uyaunganishe kwa mergeMeshes. Njia hii inakupa mamlaka juu ya kila upande, na ukitaka kubadilisha difyuza huigusi impela. Njia ya pili ni wavu mmoja wa snappyHexMesh wenye uso wa ndani unaotenganishwa baadaye kwa createBaffles na mergeOrSplitBaffles, kama ilivyo kwenye mfano wa propela unaokuja na OpenFOAM yenyewe. Ni ya haraka, na kwa kuwa nyuso za pande mbili zinaanza zikiwa nakala za kila mmoja, inaficha kasoro za Hatua ya 3 kuliko ile ya kwanza. Vyovyote utakavyofanya, mwishoni uwe na mipaka miwili ya aina ya cyclicAMI, kila mmoja ukimtaja mwenzake kama jirani.

Hatua ya 7: Kagua wavu ukiwa umesimama, kisha ukiuzungusha

Anza na checkMesh ukiongeza chaguo za -allGeometry na -allTopology. Angalia vitu viwili kwanza: pembe kati ya mstari unaounganisha vitovu vya seli mbili na mstari wima wa uso unaozitenganisha, ambayo programu huiona kuwa kali ikipita digrii 70, na umbali kati ya kitovu cha uso na mahali mstari ule unapoutoboa, ukilinganishwa na ukubwa wa uso, ambao kikomo chake ni 4. Ninapendelea kutoona zaidi ya digrii 60 ndani ya seli tano za kiolesura.

Kisha tafuta mistari inayoanza na neno AMI, inayotoa jumla ya uzani kwa kila upande: ya chini, ya juu na ya wastani. Jumla hii inaeleza ni sehemu gani ya kila uso imefunikwa na nyuso za upande wa pili. Thamani kamili ni 1. Ikiwa 0.8, sehemu ya tano ya uso haina wa kuongea naye upande wa pili. Ni muhimu kuelewa kwamba programu inazichapisha thamani hizi, kisha inazisawazisha ili jumla iwe 1 kabla ya kuzitumia. Hesabu inaendelea kimyakimya kana kwamba uso wote umefunikwa, na kosa linakwenda kwenye uhifadhi wa tungamo. Wastani usikudanganye: wastani wa 0.999 unaweza kuambatana na thamani ya chini ya 0.3 kwenye nyuso ishirini za pembeni. Soma ya chini. Kwangu, kati ya 0.95 na 1.05 kazi inaendelea. Chini ya 0.9 narudi kwenye wavu.

Sasa zungusha. Amri ya moveDynamicMesh yenye chaguo la -checkAMI huusogeza wavu bila kutatua mtiririko, ikitoa uzani kwa kila hatua pamoja na mafaili yanayoweza kufunguliwa kwenye ParaView ili uone ni nyuso zipi zina kasoro. Kazi hii ni nyepesi ikilinganishwa na uigaji wenyewe, na sioni sababu ya mtu kuiruka. Kuna mtego mmoja tu wa kuepuka. Ukichagua hatua ya digrii 5 kwenye poligoni ya vipande 72, kila hatua itakuleta mahali ambapo poligoni mbili zimelingana upya, na utaona 1.000 kila mara. Chagua hatua isiyogawanya kipande sawasawa, kwa mfano digrii 0.7, na uendelee hadi uvuke angalau pembe ya pezi moja, ambayo hapa ni digrii 30.

Kasoro zikitokea mahali maalumu kwenye duara na kujirudia kwa vipindi sawa, rudi Hatua ya 3. Zikiwa kwenye mstari wa ukutani kwa pembe zote, rudi Hatua ya 5. Zikitapakaa bila mpangilio, mara nyingi mhimili wa mzunguko ulioandikwa kwenye dynamicMeshDict, faili la mwendo wa wavu, haulingani na kitovu cha silinda. Hata sehemu ndogo ya milimita inatosha kuleta hali hiyo.

Hatua ya 8: Oanisha hatua ya muda na ukubwa wa nyuso

Kwa mizunguko 2000 kwa dakika, digrii 1 huchukua sekunde 8.33 × 10⁻⁵, na kwenye nusukipenyo cha milimita 216 uso unateleza milimita 3.77. Nyuso zetu ni za milimita 1.5, kwa hiyo hatua ya digrii 1, ambayo wengi huitumia kwa mazoea, inaruka nyuso mbili na nusu kwa mkupuo mmoja. Mkia wa bapa utaonekana ukikatika vipande kwenye kiolesura. Ili uteleze chini ya uso mmoja, hatua isifike digrii 0.4. Ningechagua digrii 0.25: sekunde 2.08 × 10⁻⁵, mtelezo wa milimita 0.94, na hatua 1440 kwa mzunguko mzima. Anayesaga wavu lazima asage na muda pia.

Hatua ya 9: Jaribu kwa mtiririko

Jaribio la kwanza lifanyike bila mabapa wala mapezi. Chukua maeneo hayohayo mawili na kiolesura kilekile, fanya kuta ziwe za utelezi, weka kasi sare ya kuvuka duara lote, na uzungushe eneo la ndani. Mtiririko sare unapaswa kubaki sare. Chochote kitakachojitokeza, iwe mistari ya kanieneo au mduara wa kasi tofauti, kimeletwa na kiolesura peke yake, kwa kuwa hakuna kitu kingine cha kukileta.

Baadaye, mabapa yakiwa yamerudishwa, rekodi kwa kila hatua jumla ya mtiririko kwenye mlango wa kuingilia, kwenye pande mbili za kiolesura na kwenye mlango wa kutokea. Tofauti ikizidi asilimia 0.1 ya mtiririko unaopita, usiende mbele. Chora pia mistari ya kanieneo inayovuka kiolesura: ikivunjika au kupata pembe kali kwenye nusukipenyo cha milimita 216, kasoro ipo hata kama tungamo limehifadhiwa.

Hatimaye, unapofanya uchunguzi wa usagaji kwa nyavu tatu, kama inavyotakiwa na utaratibu wa faharasa ya muunganiko wa wavu uliopendekezwa na Patrick Roache mwaka 1994, saga pande zote mbili za kiolesura kwa kiwango kimoja, ukitumia uwiano usiopungua 1.3 kutoka wavu hadi wavu, na urudie Hatua ya 7 kwa kila wavu. Idadi ya vipande vya STL nayo ipande pamoja na wavu. Ikibaki ileile, kina cha kasoro kitabaki kilekile huku seli zikizidi kuwa nyembamba, na wavu wako mzuri kuliko yote ndio utakaotoa uzani mbaya kuliko yote.